Wali Kwanza, Samaki Baadaye: Sushi ya Kufungiwa Inavyotengenezwa Toronto

Katika Mtaa wa Bloor, Toronto, ukitoka Spadina kuelekea Christie, utakutana na migahawa ya Kijapani ambayo mtu wa kipato cha kawaida huingia bila kuhesabu sarafu mara mbili. Chuo Kikuu cha Toronto kiko jirani, na mfuko wa mwanafunzi una sauti kubwa katika kupanga bei. Menyu zake zinafanana: supu ya miso, saladi, na maki (wali na mwani vilivyokunjwa pamoja) za aina tatu zinazopangwa kwenye kasha moja ukitaka kufungiwa. Kima cha chini cha mshahara katika jimbo la Ontario kilifika dola 17.60 kwa saa Oktoba 2025, na samaki mbichi ni bidhaa ghali inayoharibika upesi. Mahesabu haya yanawezekanaje?

Yanawezekana kwa sababu anayebeba kasha lile ni wali. Samaki anakuja nyuma.

Sisi wa pwani tumelelewa kupenda wali unaochambuka, kila punje kivyake. Sushi inataka kinyume chake: mchele wa punje fupi au ya kati, wenye wanga unaonata. Calrose, aina ya punje ya kati iliyotolewa kwa wakulima wa California mwaka 1948, hutumika sana kwa kazi hii Amerika Kaskazini, na ni rahisi kuliko mchele unaotoka Japani. Ukishaiva humwagwa kwenye chombo kipana, ukanyunyiziwa siki ya mchele iliyochanganywa na sukari na chumvi, kisha mpishi anaukata kwa mwiko bapa huku ukipepewa. Hausongwi, maana punje zikipondeka unapata uji mzito. Upepo unaondoa maji ya juu na kuacha punje ziking'aa.

Siki ile haikuwekwa kwa ajili ya ladha peke yake. Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali uliopikwa ukikaa kwenye joto la chumba, mbegu hizo huamka na kutoa sumu. Kanuni za afya za Ontario zinataka chakula cha hatari kisikae kati ya nyuzi 4 na 60 za Selsiasi. Basi mpishi angeuweka kwenye friji? Hapo angeuua kwa njia nyingine: kwenye baridi ya friji wanga hujipanga upya na punje zikawa ngumu, hazina utamu. Siki ndiyo inayompa njia ya tatu. Kipimo cha pH kikishushwa hadi 4.6 au chini yake, bakteria wale hawakui, na wali unaweza kukaa kaunta ukiwa vuguvugu, laini, tayari kwa mkono. Hii ndiyo sababu ninamtetea mwenye mgahawa wa mtaani dhidi ya sushi za friji ya duka kubwa. Yeye anakunja oda ikishaingia. Za friji zilikunjwa mapema zikalazwa kwenye baridi, na jino linajua.

Sasa samaki. Anayetawala makasha haya ni samoni, na historia yake inashangaza kwa sababu Wajapani wenyewe hawakuwa na mazoea ya kumla mbichi. Samoni wa Pasifiki ana minyoo. Wanorwe ndio waliofanya kampeni kuanzia miaka ya 1980 kuiuzia Japani samoni wao wa kufugwa, anayelishwa chakula cha viwandani na hivyo kuwa na hatari ndogo sana ya minyoo. Kanada nayo inafuga samoni wa Atlantiki, New Brunswick ikiwa mojawapo ya sehemu hizo. Kwa samaki wengine friza inafanya kazi ya ulinzi: nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7 ndiyo kanuni inayojulikana Amerika Kaskazini. Kwa hiyo anayedhani kuwa "mbichi" maana yake ametoka majini asubuhi, ajue kwamba mara nyingi usalama wake umetoka kwenye barafu.

Bei inashuka kabisa kwenye muundo wa maki. Tazama ile inayoitwa California: tango, parachichi na "kaa" ambaye kwa kweli ni nyama ya samaki mweupe, mara nyingi poloki wa Alaska, iliyosafishwa, ikasagwa na kutiwa ladha. Los Angeles ya miaka ya 1960 na mpishi Hidekazu Tojo wa Vancouver wote wanadai kuibuni. Aliyeweka parachichi alifikiri vizuri, kwa kuwa mafuta yake yanajaza mdomo kama tumbo la jodari, kwa gharama ndogo. Hata maki ya samoni ina ukanda wa samaki wenye upana wa kidole tu. Sioni udanganyifu hapo. Ni ufundi wa kukifikisha kitu cha anasa mezani kwa watu wengi.

Wali wa maki ya California uko nje, mwani ndani. Mpangilio huo unaufaa sana mzigo wa kubebwa, kwa kuwa mwani mkavu hunyonya unyevu na kulegea njiani. Ukiwa ndani hauonekani wala hausumbui. (Mwani wa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, ni wa jamii nyingine, nao huuzwa nje zaidi kwa ajili ya kutengenezea karajinani, kitu cha kufanya vyakula vya viwandani viwe vizito. Wa sushi ulianza kulimwa kwa uhakika baada ya Mwingereza Kathleen Drew-Baker kugundua hatua iliyojificha ya uhai wake, mwaka 1949.)

Na mikono inayokunja? Wajapani wa Kanada wapatao 22,000 waliondolewa na serikali pwani ya Pasifiki wakati wa vita, kuanzia 1942, wakazuiwa kurudi hadi 1949, na wengi walianza upya Toronto. Lakini leo migahawa mingi ya bei nafuu iko mikononi mwa familia za Kikorea na Kichina. Mkorea amekua akiona kimbap ikikunjwa nyumbani, wali na mwani juu ya mkeka wa mianzi, kwa hiyo kasi ya mkono ameirithi. Kasi hiyo ni pesa.

Kufungiwa nako kunaleta nafuu: mteja hakalii kiti, na mara nyingi hatoi bahashishi, ingawa kodi ya asilimia 13 iko palepale. Kabla ya kulipa tazama mlangoni kibandiko cha DineSafe, mpango wa ukaguzi wa jiji ulioanza 2001. Kijani ndicho unachokitaka. Muislamu aulize kama wali au sosi vina mirini, kwani mirini halisi ni pombe tamu ya mchele.

Kitu kimoja ambacho kasha halikiwezi ni tempura, kamba waliochovywa kwenye unga na kukaangwa. Mvuke wa kamba wa moto hugonga kifuniko na kurudi kama maji, unga uliokuwa mkavu unalowa kabla hujafika kituo cha treni. Ukiitamani sana, omba kifuniko kiachwe wazi, au kaa uile pale pale ikitoka kwenye mafuta.