Maneno ya Hotelini na Baa katika Kigoma na Ujiji: Uhakiki wa Kamusi na Matumizi

Wachunguzi wa Kiswahili wamezoea kuyatafuta maneno katika tenzi, katika barua za kale na katika vinywa vya wazee wa pwani. Ni wachache waliokwenda kuyatafuta mezani, pale ambapo mtu huketi karibu na asiyemjua, huagiza, hula, hulipa na kwenda zake. Walakini ni vigumu kupata mahali pengine ambapo lugha hupimwa upesi namna hiyo: neno lisipoeleweka, sahani haiji, au huja isiyotakiwa. Makala haya yana kusudi la kuyapima maneno ya vyakula na vinywaji yatumikayo katika hoteli, migahawa na baa za Kigoma na Ujiji, na kuonyesha ni wapi desturi za watunga kamusi zinayatendea haki, na ni wapi zinayapita bila kuyasalimu.

Mahali penyewe panastahili kuchaguliwa. Ujiji ni mji wa Kiswahili wa siku nyingi, ijapokuwa uko mbali na bahari. Burton na Speke walipofika huko Februari 1858, walifika kwa njia ya misafara iliyokwisha kuzoeleka na wafanyi biashara wa pwani. Na Stanley alipomkuta Livingstone huko mwaka 1871, soko la Ujiji lilikuwa makutano ya bidhaa za pande nyingi za ziwa: samaki, mawese, nafaka, na chumvi ya Uvinza. Msafiri wa zama hizo aghalabu alinunua chakula kibichi kikapikwa kambini, au alikula kwa mwenyeji wake. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, mambo yalibadilika. Meli iliyoshushwa majini na Wadachi mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen ilizamishwa mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Abiria anayesubiri meli au gari moshi hana jiko wala mwenyeji. Yeye, pamoja na mfanya kazi wa mshahara wa bandarini, ndiye aliyeifanya hoteli kuwa jambo la lazima, na pamoja na hoteli yakaja maneno yake.

Neno la kwanza ni hilo hoteli lenyewe. Wako wanaolishutumu wakisema kwamba hoteli kwa asili yake ni nyumba yenye vitanda, na kwamba kibanda chenye meza tatu na sufuria ya wali hakistahili jina hilo. Kwa wenyeji wa Kigoma, kama kwa Waswahili wengi wa bara na pwani, hoteli ni mahali pa kula. Atakaye kulala huuliza gesti, au nyumba ya kulala wageni. Shutuma hiyo ina kasoro moja kubwa. Wanaoitoa hulisifu neno mkahawa kuwa ndilo neno safi, ilhali mkahawa limetokana na kahawa, nayo kahawa ni neno la Kiarabu. Tena mkahawa wa leo huenda ukauza chai, maandazi na maharage, usiuze kahawa hata kikombe kimoja. Ikiwa mkahawa umesamehewa kwa kukosa kahawa, hoteli nayo haina budi kusamehewa kwa kukosa vitanda. Neno likiisha kuingia katika lugha huongozwa na matumizi ya watu waliolipokea. Kadhalika mgahawa, kwa sauti ya g, hauwezi kuitwa kosa la wasiojua kusema, maana umekwisha kuenea mno hata katika maandishi.

Baa na kilabu vina mafunzo zaidi. Kiswahili kilikuwa na neno baa tangu zamani, maana yake balaa au msiba mkubwa, kama katika baa la njaa. Neno la pili, la nyumba ya vileo, lilitoka katika Kiingereza likalikuta la kwanza mlangoni. Mahatibu na waandishi wa mawaidha hawakukawia kuona mzaha uliomo. Mchunguzi wa sarufi, lakini, huona jambo jingine: lugha imeyatenga maneno haya mawili kwa upatanisho. Msiba husemwa baa hili, na baa la njaa. Nyumba ya vileo husemwa baa hii, na baa ya jirani. Herufi ni zile zile, ngeli ni mbali mbali, na msikilizaji hapotei.

Kilabu nacho kimetendwa kwa ustadi. Neno la Kiingereza lilipopata irabu kati ya konsonanti zake mbili za mwanzo, silabi ya kwanza ilifanana na kiambishi cha ngeli ya ki-vi, na papo hapo wingi ukawa vilabu. Maana nayo ikagawanyika: kilabu cha pombe ni mahali pa pombe ya kienyeji, na klabu ya mpira ni chama cha wachezaji. Kamusi itakayoyaweka mawili haya chini ya kitomeo kimoja, kwa hoja kwamba asili yao ni moja, itakuwa imeheshimu Kiingereza na kuwadhulumu wasemaji wa Kiswahili. Vivyo hivyo bia na pombe. Kwa sheria na kwa dini bia ni pombe; lakini mnywaji akiulizwa kama atakunywa bia au pombe, swali hilo kwake si upuuzi. Bia ni ile ya chupa, pombe ni ile ya kienyeji, na baina yao kuna tofauti ya bei, ya mahali na ya heshima.

Tukitoka katika majina tukaingia katika vitenzi, jambo lililo kubwa ni adabu. Mhudumu hamwulizi mteja, “Mtakula nini?” tu, mara nyingi husema, “Mnatumia nini?” Kutumia hapa kumeacha maana ya kufanya kazi kwa chombo, kukawa neno la heshima linalobeba kula na kunywa pamoja, bila kutaja tumbo wala kileo. Ndivyo ilivyo pia katika kinywaji. Kwa maana yake ya kwanza, maji ni kinywaji. Lakini isemwapo kwamba fulani hutumia kinywaji, hakuna afikiriye maji. Katika mji kama Ujiji, wenye Waislamu wengi, ambamo kahawa chungu na kashata ndivyo viungo vya mazungumzo ya jioni, usitiri huu una kazi yake: humwezesha mtu kukataa bila kumhukumu mwenziwe, na kukubali bila kujitangaza. Kitomeo kinachosema kwamba kinywaji ni kitu cha kunywewa, kisha kikanyamaza, ni cha kweli lakini hakimsaidii mgeni.

Jina lililoshambuliwa zaidi na walimu wa sarufi ni nyama choma. Husemwa kwamba limekosa kiunganishi, na kwamba yafaa iwe nyama ya kuchoma au nyama iliyochomwa. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau semi hizo tatu zingekuwa na maana moja. Nyama ya kuchoma yaweza kuwa bado mbichi buchani, imekusudiwa moto wala haijauona. Nyama iliyochomwa hueleza jambo lililotendeka, na yaweza kuwa imeungua jikoni kwa uzembe wa mpishi. Nyama choma ni jina la chakula kinachojulikana, chenye namna yake ya kupimwa, kukatwa na kuletwa pamoja na chumvi na pilipili. Lugha ilihitaji jina, ikalitengeneza kwa kuweka shina la kitenzi kando ya nomino. Na ndizi choma na mahindi choma vimefuata njia hiyo hiyo. Mfano ukiisha kuzaa mifano mingine, umekwisha kuwa kanuni, na kazi ya mwanasarufi ni kuieleza.

Supu nayo yataka maelezo ya namna hiyo. Kwa asili ya neno hakuna tofauti kubwa baina ya supu na mchuzi. Kwa desturi ya meza tofauti ni kubwa. Mchuzi hufuata wali au ugali na hauagizwi peke yake. Supu, iwe ya makongoro, ya utumbo au ya samaki, hujitegemea, na wakati wake ni asubuhi, pamoja na chapati.

Sasa yafaa kuja katika samaki, maana ndipo ziwa linaposema kwa sauti yake lenyewe. Ilipoamuliwa Mombasa mwaka 1928 kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamusi za Johnson zilipotoka mwaka 1939 chini ya Kamati ya Lugha, bahari ilikuwa kipimo. Maneno ya ziwa yalikuja baadaye kama wageni, na hata leo desturi mbaya ya kamusi nyingi ni kumfasili kiumbe kwa maneno mawili matatu: aina ya samaki, aina ya ndege, aina ya mti. Mtu wa Kigoma aulizaye mgebuka ni nini, akajibiwa kwamba ni aina ya samaki, amerudishiwa swali lake. Mgebuka, ambaye wataalamu humwita Lates stappersii, ni wa jamaa moja na sangara wa Ziwa Viktoria, bali ni mwembamba na mdogo zaidi. Huliwa wa kukaanga, wa kuchoma, au katika mchuzi. Kwa sarufi neno lake halina ugeni wowote. Mgebuka na migebuka hufuata njia ya mkizi na mikizi, mkunga na mikunga, maneno ya pwani yasiyotiliwa shaka na mtu. Sarufi hutaka isemwe migebuka wawili, kwa kuwa ni viumbe hai; mezani husikika pia migebuka miwili, kana kwamba samaki akiisha kuingia sahanini amepoteza haki ya uhai. Mchunguzi asiyaite hayo makosa kabla ya kutazama kama mnenaji anahesabu samaki au anahesabu vipande vya chakula.

Dagaa ni jaribio kubwa kuliko yote. Kamusi kwa kawaida humweleza kuwa samaki mdogo sana, na hivyo ndivyo alivyo. Lakini dagaa wa Ziwa Tanganyika ni samaki wawili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambao asili yao ni katika jamii ya samaki wa baharini wafananao na simu. Na dagaa wa Ziwa Viktoria ni Rastrineobola argentea, wa jamii nyingine kabisa. Tena wale wale wa Tanganyika, ng'ambo na kandokando ya ziwa, hubadili majina: Burundi ni ndagala, Kongo ni ndakala, Zambia ni kapenta. Mgebuka naye akivuka kwenda Bujumbura huitwa mukeke. Vivyo hivyo ugali ukivuka kwenda Kongo huwa bugali au bukari, na kisamvu huwa sombe. Kwa kuwa wafanyi biashara na wakimbizi wamekuwa wakivuka ziwa hilo miaka mingi, muuza chakula wa Kigoma hana budi kuyaelewa majina ya pande zote mbili. Ujuzi huo ni elimu ya lahaja, ijapokuwa mwenyewe hauiti hivyo.

Jambo hili si la wanazuoni peke yao. Dagaa wa Kigoma wana sifa katika nchi nzima, na sifa hiyo imo katika bei. Huvuliwa usiku kwa taa, gizani. Mbalamwezi ikikomaa wavuvi hupumzika, na wabichi huadimika hotelini. Mwaka 2024 Tanzania, kwa mapatano na nchi nyingine za ziwa, ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika siku kama hizo neno hupimwa uaminifu wake. Muuzaji akiweka sahanini dagaa wa ziwa jingine na kuwaita dagaa wa Kigoma, amevunja ahadi iliyomo katika jina. Na mlaji asiye na kamusi ya kumtofautishia hana pa kushtakia. Fasili ya samaki mdogo sana huwaweka mwaminifu na mdanganyifu katika kundi moja.

Limebaki jina la mpishi mwenyewe. Mama ntilie limetoka katika sauti ya mteja: mama, nitilie. Ni la kutia, si la kupakua. Linamwonyesha mfanya kazi mwenye haraka akinyoosha bakuli lake. Wapendao adabu wameleta badala yake mama lishe, na hata baba lishe amepatikana. Nia yao ni njema, maana jina la kwanza limetumiwa na wengine kwa dharau. Hata hivyo mabadiliko hayo yana hasara. Lishe ni neno la zahanati na la mabango ya serikali. Linaeleza faida ya chakula kwa mwili. Ntilie linaeleza uhusiano baina ya watu wawili, mmoja akiomba kama mwana na mwingine akitoa kama mama, ijapokuwa fedha itapokewa. Dharau haikuwa katika neno, ilikuwa katika kinywa cha aliyelisema, na kinywa hicho chaweza kulidharau la pili pia. Kamusi iyaweke yote mawili, ikionyesha lipi ni la mtaani na lipi ni la ofisini.

Kwa hiyo mtunga kamusi anatakiwa mambo matatu. Kwanza, aache fasili ya aina ya samaki, amtaje kiumbe kwa ziwa lake, umbo lake na jina lake la kitaalamu. Pili, atenge maneno kwa ngeli na matumizi ya wasemaji, asiyaunganishe kwa asili yake ya kigeni tu. Tatu, aandike maana za adabu, kama za kutumia na kinywaji, maana bila hizo mgeni atajua maneno asijue kusema. Mambo hayo hayataki fedha nyingi. Yanataka mchunguzi aende Kibirizi dagaa wanapoanikwa, aende Mwanga na Ujiji watu wanapokula, aketi, aagize, na asikilize vema jinsi anavyojibiwa.