Uta Ukiachwa Umevutwa

Soma matangazo ya kazi Nairobi siku hizi: kila bosi anataka kijana mnyumbufu. Maana yake unaijua. Fika kabla ya jua, toka ukiambiwa, simu iwe hewani hata Jumapili, na pesa tutaongea. Ukiuliza, unajibiwa, "Buda, ni kujipanga tu." Mwenye maneno matamu zaidi atakutolea methali: samaki mkunje angali mbichi. Lakini huyo samaki anakunjwa kwa faida ya nani? Hapo methali inanyamaza.

Neno hili mimi nalisomea Matiliku, upande wa mlima Nzaui, kwa watu waliosifika kwa upinde. Kikamba huuita uta, na Kiswahili kina neno hilohilo. Uta hupinda, na kazi yake yote iko kwenye kurudi: mti unaponyooka ndipo mshale unapoondoka. Ukiuacha umevutwa kwa kamba usiku na mchana, mti huzoea mkunjo, na siku ya kuwinda mshale unaanguka hapo karibu, swala akikutazama. Ndiyo maana mpiga upinde hulegeza kamba kazi ikiisha.

Mwaka 1678, huko Uingereza, Robert Hooke alichapisha kanuni yake ya springi: kadiri unavyoivuta, ndivyo nguvu yake ya kurudi inavyoongezeka. Fundi yeyote wa jua kali atakuongezea kwamba kuna mpaka. Ukiupita, springi haikatiki. Inabaki tu imerefuka, hairudi tena. Nawajua watu wa namna hiyo, miaka 26, wamechoka kama wastaafu.

Hata viatu alivyovaa Eliud Kipchoge kule Vienna, Oktoba 2019, akikimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40, havikuwa ulaini mtupu. Ndani ya ile sponji mlikuwa na vibao vigumu vya kaboni.

Sarufi nayo inasema hivyo hivyo. Tukinyumbua kitenzi tunapata piga, pigia, pigana, pigishwa. Mkia unacheza utakavyo, mzizi pig- unabaki palepale. Ukiung'oa, una neno lingine kabisa.

Wakamba wa Machakos, wilaya iliyokuwa na Makueni ndani yake, waliufikia mpaka wao 1938. Serikali ya kikoloni ilikuwa inawanyang'anya ng'ombe ikidai inaokoa udongo. Maelfu walienda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa nguvu, lakini uuzaji wa lazima wa mifugo ulisimamishwa. Sidhani kama kuna aliyewaita wanyumbufu.

Kwa hivyo kwenye intavyu ukiulizwa kama unanyumbulika, sema ndiyo. Kisha uliza kamba inalegezwa saa ngapi.