AMEJITAKIA MWENYEWE

Ndugu wasomaji, liko neno limezagaa barazani kwetu, na leo twataka kulikosoa. Kila ijapo habari kwamba watu wamekufa kwa pombe ya magendo, hakosi mtu wa kusema: "Wamejitakia wenyewe." Husemwa hivyo kana kwamba ndiyo hukumu ya dini. Nasi twasema neno hilo halina dini ndani yake, na tena linaua.

Uharamu wa ulevi hauna mjadala. Aya ya 90 ya Sura Al-Maida imekwisha kukata maneno, wala hatuandiki haya kumtafutia mlevi udhuru. Lakini kukiharimisha kinywaji ni jambo moja, na kumwacha mwanadamu afe ni jambo jingine.

Tutazame yaliyotokea. Nchini Kenya chang'aa ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980. Haikwisha, ilijificha. Novemba 2000, katika mitaa ya maskini ya Nairobi, zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2010 ikatungwa sheria nyingine, iliyoiruhusu kwa masharti. Mei 2014 watu makumi wakafa tena, Embu, Kiambu na kwingineko, na Februari 2024 msiba ukaingia Kirinyaga. Wala tusijidanganye kwamba haya ni ya wasio Waislamu tu. Iran, ambako pombe ni marufuku, mamia walikufa kwa methanoli mwanzoni mwa mwaka 2020, baada ya kuvuma uwongo kwamba pombe hukinga korona.

Methanoli ni spiriti ya viwandani. Muuzaji huitia kwa kuwa ni rahisi na huzidisha ukali, na mnywaji hawezi kuitambua kwa jicho wala kwa ulimi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wa leo, laiti angelitia maji!

Sumu hii haiui papo hapo. Ini huigeuza kidogo kidogo kuwa asidi, na asidi hiyo hula mishipa ya macho. Yaweza kupita nusu siku au siku nzima kabla ya dalili kudhihiri. Mtu huamka na kichwa kinamgonga, tumbo lamsokota, atapika. Nyumbani husemwa ni uchovu wa ulevi, aachwe alale. Kisha huanza kuona ukungu mbele ya macho.

Hapo ndipo lile neno linapoua. Mama aona haya, baba akataza gari lisiitwe majirani wasije wakajua, na saa zinapita. Na tiba ipo! Hospitali yaweza kulizuia ini lisiizalishe asidi ile, na kuisafisha damu kwa mashine. Daktari akikosa dawa nyingine huenda akatumia spiriti safi kwa kipimo. Hiyo ni dharura, na dharura ina hukumu yake katika fikihi. Basi mgonjwa apelekwe upesi, daktari aambiwe kweli alichokunywa, na wenziwe waliokunywa naye watafutwe, hata wakijiona wazima.

Atakayesema huku ni kulegeza dini na amtazame Mtume (S.A.W.). Imepokewa na Bukhari kwamba aliletwa mtu aliyekwisha kuadhibiwa kwa ulevi zaidi ya mara moja, akaadhibiwa tena. Mmoja wa waliohudhuria akamlaani. Mtume akamkataza, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu ilipita, na udugu haukukatika. Na katika hadithi nyingine aliwaonya Masahaba wasimsaidie Shetani juu ya ndugu yao.

Ama laana, imekuja katika hadithi ya watu kumi wa pombe. Mnywaji yumo, lakini yumo pia mwenye kuikamua, mwenye kuibeba, mwenye kuiuza na mwenye kula thamani yake. Hawa tunawasema mara ngapi? Wako kwetu pwani wanaomkodisha mgema minazi, nao wajua fika kinachogemwa. Wako wanaompangisha mpishi wa gongo chumba cha uani, na kodi yake hununuliwa futari. Watu hawa huketi safu ya mbele msikitini, na tunawapa mkono. Kijana aliyepofuka ndiye tunayemtolea mfano katika mawaidha.

Basi khatibu na aliseme hilo la kodi na minazi juu ya mimbari kwa sauti ile ile anayomsemea mlevi. Nasi majumbani tulitupe neno "amejitakia." Aliye hai ana nafasi ya kutubu, aliyekufa kwa haya zetu tumemfungia mlango huo kwa mikono yetu.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie watoto wetu, na atupe nyoyo za huruma. Amin.