Kujitambulisha na Kutambuliwa katika Riwaya ya Trumpet

Makala haya yanaihakiki Trumpet, riwaya ya Jackie Kay iliyochapishwa mwaka wa 1998, kwa mintarafu ya mjadala wa kisheria uliozuka baadaye katika nchi ya mwandishi. Tarehe 22 Desemba 2022 Bunge la Uskoti lilipitisha, kwa kura 86 dhidi ya 39, mswada wa kumruhusu mtu kubadili jinsia yake kisheria kwa tamko lake mwenyewe, pasipo uthibitisho wa daktari, kuanzia umri wa miaka 16. Serikali ya Uingereza iliuzuia mwezi uliofuata. Tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba neno "mwanamke" katika Sheria ya Usawa ya 2010 lina maana ya jinsia ya maumbile. Tangu hapo ni vigumu kuisoma Trumpet bila kusikia kelele za pande mbili zikiigombania.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Joss Moody, mpiga tarumbeta wa jazi, anafariki, na baada ya kifo chake inabainika kwamba mwili wake ulikuwa wa kike. Millie, mkewe, alilijua jambo hilo tangu kabla ya ndoa. Colman, mtoto wao wa kulea, hakujua. Daktari anafuta neno moja katika hati ya kifo na kuandika jingine kwa wino mwekundu. Msajili wa vifo, kwa upande wake, anakubali kuliandika jina la Joss Moody kwa hati nzuri, kisha anasita kabla ya kutia alama penye jinsia ya kike. Kwa maoni yetu, kusita huko ndiko kiini cha riwaya. Jina limeachiwa mwenyewe, alama imechukuliwa na dola.

Msomaji wa Kiswahili analiona hili kwa namna yake. Katika Kiingereza, wahusika wanaohasimiana juu ya Joss hupigana kwa viwakilishi: Millie ana chake, mwandishi wa habari Sophie Stones ana chake. Tukiitafsiri riwaya hii, vita hivyo vinazimika, kwani "yeye" haibagui. Wapo wanaohitimisha kwa haraka kwamba lugha yetu haina ugomvi na jambo hili. La hasha. Kitenzi kimoja cha Kiingereza hutosha kwa pande zote mbili za ndoa, ilhali sisi hatuna budi kuamua nani alioa na nani aliolewa. Aliyewahi kusahihisha tafsiri za wanafunzi anajua jinsi kitenzi hicho kinavyoweza kumfichua mfasiri. Akiandika "Joss alimwoa Millie", tayari ametoa hukumu, na ametoa hukumu ile ile ya Millie.

Mnyambuliko wa neno "tambua" nao unatufaa. Mswada wa Uskoti ulijengwa juu ya kiambishi "ji": mtu ajitambulishe, na yatosha. Riwaya ya Kay, kinyume na inavyodaiwa na baadhi ya wanaoitumia kama shahidi, imejengwa juu ya kauli ya kutendwa. Joss mwenyewe hasikiki sana. Wanaosema ni mke, mwana, daktari, msajili, mzishi, mpiga ngoma wa bendi yake. Uanaume wake umo katika kutambuliwa na waliomjua, na ndiyo sababu unamgusa msomaji.

Hapa ndipo ulipo udhaifu wa kuifanya riwaya hii kuwa hoja ya kisheria. Sheria hushughulika na wageni: zamu ya gereza, mlango wa makao ya wanawake waliopigwa. Mlangoni hapo hakuna Millie wa kushuhudia. Wanawake waliopinga mswada waliuliza swali ambalo Kay hakulijibu, wala hakuwa na wajibu wa kulijibu. Hali kadhalika, wanaomwita kila mtu wa aina ya Joss mdanganyifu wanalazimika kumweleza Millie, ambaye hakudanganywa.

Mahakama Kuu ya Kenya iliwahi kupita njia nyingine. Mwaka wa 2014, katika kesi ya Audrey Mbugua dhidi ya Baraza la Mitihani, Jaji Weldon Korir aliamuru kitolewe cheti kisicho na alama ya jinsia, kwa kuwa kanuni za mitihani hazikuidai. Hakusema Mbugua ni nani, alikiondoa kisanduku. Msajili wa Kay hakupata nafasi hiyo.

Sauti ya Joss inasikika kwa ukamilifu mwishoni tu, katika barua aliyomwachia Colman. Tungetarajia aeleze kwa nini aliishi alivyoishi. Badala yake anasimulia hasa habari za baba yake, mtu aliyetoka Afrika akafika Uskoti kwa meli, na mengine anamwachia mwanawe.