Juu ya wimbo « Malaika »

Katekista mmoja wa upande wa Munigi alituandikia barua na kutuuliza: je, vijana wa korali wanaweza kuimba « Malaika » siku ya ndoa, wakati maarusi wanapotoka kanisani? Aliongeza kwamba wazee wawili wamekataa. Wa kwanza anasema ni wimbo wa dunia. Wa pili anasema jina la malaika si la kuchezea. Tungeweza kumjibu kwa mistari mitatu. Lakini wimbo huu tunaujua tangu utoto, tena liko neno juu yake lenye kutulemea moyoni. Basi tunaomba wasomaji watuvumilie kidogo.

Kwanza tuseme wimbo wenyewe ni nini, maana wengi wanauimba bila kuusikiliza. Kijana anasema na msichana anayempenda. Anamwita malaika, halafu anamwita ndege mdogo. Anamwambia kwamba angetaka kumwoa, lakini mikono yake ni mitupu, na ufukara unamtesa rohoni. Basi, hakuna kitu kingine. Msichana hajibu, baba yake haonekani, harusi haifiki. Wimbo unakwisha pale ulipoanzia. Na huo ndio wimbo ambao watu wanauimba kwenye harusi! Mara nyingi tumeona bwana arusi akicheza kwa furaha juu ya maneno ya mtu aliyekosa mke.

Aliyeutia kwanza katika sahani ni Fadhili William, Mkenya wa kabila la Wataita, pamoja na kundi la Jambo Boys, karibu na mwaka 1960. Alifariki mwaka 2001. Mtanzania Adam Salim alidai kwamba yeye ndiye aliyeutunga, mwaka 1945, na wengine tena wamedai vilevile. Hatutaki kuingia katika shauri hilo. Tunaona tu kwamba wanaume wengi wamesimama na kusema: huzuni hii ilikuwa yangu. Kwa fukara ni rahisi kusema hivyo.

Halafu wimbo ulitembea dunia. Miriam Makeba wa Afrika ya Kusini aliuimba pamoja na Harry Belafonte katika sahani yao ya mwaka 1965, ile iliyopata zawadi kubwa ya muziki kule Marekani mwaka uliofuata. Mwaka 1981 kundi la Boney M. la Ujerumani lilitoa lao. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin aliuimba naye. Tuseme bila kuficha: la Boney M. halitufai. Wameweka mwendo wa kuchezea, na huzuni imetoka kama maji katika kikapu. Makeba anaimba vizuri kupita wote, hapo hatubishani. Lakini yeye ni mwanamke, na maneno ni ya mwanaume. Tukimsikiliza, tunaona kama msichana mwenyewe, ambaye katika wimbo hana neno, anakumbuka miaka mingi baadaye yale kijana alimwambia, na ya kuwa kijana hakurudi. Ni uzuri mwingine, wenye uchungu zaidi. Lakini kama ni kusikia kijana mwenyewe, aliyesimama mlangoni pa watu na kofia mkononi, hatuna budi kurudi kwa Fadhili William: gitari ya polepole na sauti isiyojisifu.

Sisi tulilelewa Munigi, juu ya mawe meusi ya Nyiragongo. Mvua inyeshe namna gani, maji yote yanazama katika mawe. Ilitupasa kushuka mpaka ziwa la Kivu na kupanda tena na mzigo kichwani. Usiku anga juu ya mlima lilikuwa jekundu, kwa kuwa siku zile ndani ya Nyiragongo mlikuwa ziwa la moto. Radio ilikuwa moja kwa nyumba sita. Na baba mdogo wetu alikuwa na gitari aliyojitengenezea kwa kopo kubwa la mafuta na nyaya za breki ya kinga. Wimbo wake ulikuwa huo mmoja. Aliuimba jioni, akitazama njia ya kwenda kwao na msichana fulani, na sisi watoto tulimzunguka.

Hapo tulielewa vibaya, na kosa hilo la utoto ndilo linalotufundisha leo. Katekista alikuwa ametufundisha kwamba kila mtu ana malaika wake mlinzi. Kwa hiyo tulizani baba mdogo anasali. Tulizani anamwambia malaika wake mlinzi kwamba mali imekosa, amletee. Neno hilo mali, watu wa pwani wanalisema juu ya vitu vyote mtu anavyo. Lakini kwetu mali ni kwanza kile kinachotolewa kwa baba ya msichana: mbuzi, ng'ombe, kasiksi, mablanketi, feza. Mtoto wa Munigi akisikia kwamba kijana hana mali, hafikiri juu ya utajiri. Anafikiri juu ya mbuzi, na anauliza wamebaki wangapi.

Nyanya yetu alipenda sana kutusimulia habari za Tobia. Wasomaji wetu wanajua kitabu hicho. Tobi mzee, aliye kipofu na fukara, anamtuma mtoto wake mbali kuchukua talanta kumi za feza alizoziweka kwa Gabaeli. Rafaeli anasafiri pamoja na kijana. Njiani anamposea Sara binti wa Ragueli. Na wakati karamu ya harusi inaendelea, nani anakwenda kwa Gabaeli kuchukua feza? Ni malaika mwenyewe, na ngamia! Tena Ragueli hadai kitu kwa kijana. Anamkatia nusu ya mali yake, na kumwambia kwamba nusu ya pili ataipata kisha kufa kwake na kufa kwa mkewe. Tulipokuwa watoto tuliona hadithi na wimbo ni kitu kimoja. Baba mdogo anamwita Rafaeli, na Rafaeli atafika.

Hakufika. Baba mdogo alikuwa amekusanya mbuzi wanane, akawaweka kwa rafiki aliyekaa juu zaidi, penye majani. Tarehe 10 Januari 1977 mlima ulipasuka ubavuni. Ziwa lile la moto likamwagika na kushuka kwa mbio hivi kwamba watu wengi hawakupata wakati wa kukimbia. Rafiki yake alipona na watoto wake. Mbuzi hawakupona hata mmoja. Baba ya msichana alingoja miezi michache, kisha akasema amechoka kungoja. Usiku mmoja baba mdogo akaenda kumchukua msichana, bila mali na bila padri.

Hapa ndipo tunapoona samani ya wimbo, ambayo mzee wa kwanza, anayeuita wa dunia, haioni. Kijana wa wimbo hafanyi kile baba mdogo alifanya. Anaweza kuiba, na haibi. Anamtaka msichana kwa ndoa, si kwa namna nyingine. Na kwa kuwa njia ya ndoa imefungwa, analia mlangoni. Nyimbo ngapi za siku hizi, zinazopigwa katika mabasi ya Goma toka asubuhi, zinaweza kusema hivyo? Mwalimu akitafuta mfano wa usafi wa moyo kwa vijana, anao hapa, tena katika luga wanayoijua.

Lakini wimbo una kasoro yake, na si ndogo. Kijana analalamika juu ya feza kama mtu analalamika juu ya mvua. Hamwulizi mtu yeyote neno. Yakobo naye alifika kwa Labani mikono mitupu. Alijitoa kufanya kazi miaka saba kwa ajili ya Rakeli, kisha akadanganywa, akafanya tena miaka saba. Na Labani tunamwona wazi, na tamaa yake tunaijua. Katika « Malaika » Labani hayumo. Aliyefunga mlango hana jina wala uso, na kwa hiyo hakuna anayesikiliza wimbo na kujitambua. Wababa wenye mabinti wanaupigia makofi kama wengine. Tumewaona!

Tusiseme kwamba jambo hilo si letu. Kanisa linafundisha kwamba ndoa inafanywa na mapatano ya hao wawili, kama sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inavyosema katika kanuni 1057. Mbuzi si sehemu ya sakramenti. Kwa upande mwingine, sheria ya jamaa ya inchi yetu, ya mwaka 1987, inataka katika kifungu 361 kwamba mume na jamaa yake wapatane na wazazi wa msichana juu ya mali. Desturi yenyewe tunaiheshimu: ni shukrani, ni fundo kati ya jamaa mbili. Lakini baba akifanya shukrani kuwa bei, tunamwambia nini? Mara nyingi hatumwambii kitu. Tunangoja jamaa zipatane, na tukingoja, vijana wanakaa pamoja. Kisha tunawakatalia Komunyo, wao, si baba.

Baba mdogo na bibi yake walikaa nyuma ya kanisa miaka ishirini na saba. Hawakukosa Misa. Saa ya Komunyo waliinama kuacha wengine wapite. Mwaka 2004 watoto wao wenyewe walikusanya mali ya mama yao na kuipeleka kwa wajomba. Na ndoa ilibarikiwa. Sisi tulikuwapo, tayari padri. Walipotoka kanisani, wajukuu walianza kuimba « Malaika » pale mlangoni, na yeye mwenyewe alikuwa ameleta gitari. Tuliwanyamazisha. Tulisema kwa sauti, mbele ya watu, kwamba mlango wa kanisa si pahali pa nyimbo za radio. Tulisema yaleyale ambayo mzee wa kwanza wa Munigi anasema leo. Baba mdogo hakubisha. Aliheshimu kanzu yetu. Aliegemeza gitari ukutani na kutushika mkono. Miaka mitano baadaye alifariki, na kati yake na sisi jambo hilo halikusemwa tena.

Tuliweza kusema mengi, na maneno ya kanuni hayakutukosa. Hatukujua tu kwamba wimbo ule, mdomoni mwa mzee yule, siku ile, ulikuwa umefika mwisho wake: ndio siku pekee tuliyoona mtu akiuimba huku mali imekwisha kutoka na malaika wake amesimama kando yake na kitambaa kipya.

Kwa mzee wa pili, anayeogopa juu ya jina, jibu ni fupi. Watu wetu hawakungoja Fadhili William ili kuwapa wanadamu jina hilo. Mtoto mchanga akifa tunasema amekuwa malaika. Mwezi wa saba wa mwaka 1994, wakati kipindupindu kiliua maelfu ya wakimbizi hapo Munigi na kandokando, tulisikia mama mmoja akimwita hivyo, katika kinyarwanda chake, mtoto aliyemlaza juu ya mawe ambayo jembe halikuweza kuyachimba. Hatukuona kwamba anachezea jina. Na katika Maandiko Matakatifu, Wimbo Ulio Bora unamwita mpendwa njiwa. Hatujamsikia mtu akisema Roho Mtakatifu ametukanwa.

Basi kwa katekista wetu tunajibu hivi. Ndani ya Misa, hapana: zaburi na nyimbo za liturjia zinatosha, na kijana aliyekosa mke hana kazi kati ya Sanctus na Komunyo. Kisha baraka, katika uwanja, ndiyo, waimbe. Lakini wauimbe polepole, bila ngoma, na mmoja wa korali aeleze kwanza kwa maneno machache kijana yule anasema nini, na wababa wakae pahali wanapoweza kusikia. Kama wako parokiani wengine wanaokaa nyuma kama baba mdogo alivyokaa, waitwe na wao waje uwanjani. Katekista anawajua kwa majina kuliko sisi.

Kaseti yetu ya Fadhili William iliungua mjini Goma pamoja na nyumba, siku ya 17 Januari 2002, wakati moto wa Nyiragongo ulishuka tena. Gitari ya kopo ingaliko. Iko kwa mtoto wa tatu wa baba mdogo. Nyaya mbili zimekatika. Tumemwomba azifunge nyingine na kuileta Munigi siku ya ndoa hiyo, na sisi tutafika.