Vumbi la sakafuni: lizuie, usilirushe

Mvua za Dodoma zikishakatika, kwa kawaida mwishoni mwa Aprili, ardhi hukaa miezi kadhaa bila kulowa mpaka mvua zirudi karibu na Desemba. Katika kipindi hicho sebule ya saruji au ya vigae hufagiliwa alfajiri na kudekiwa, na kabla ya adhuhuri meza ya runinga imeshaota utando. Wengi hujibu kwa kufagia tena jioni. Hoja yangu ni kwamba kufagia mara nyingi zaidi hakutibu tatizo hili. Vumbi la sakafuni hutoka mahali patatu: huingia kwa miguu na upepo, hurushwa na chombo kile kile tunachosafishia, na mara nyingine huzalishwa na sakafu yenyewe. Kila chanzo kina dawa yake, na dawa hizo zina mpangilio.

Fagio linapopita

Tuanze na fagio, kwa kuwa ndilo linaloaminiwa kuliko vyote. Mwaka 1851 mwanahisabati George Gabriel Stokes alionyesha namna ya kukokotoa kasi ya chembe ndogo inayozama katika maji au hewa. Chembe ikipungua upana mara kumi, kasi yake hupungua kama mara mia. Tuchukue vumbi la udongo lililorushwa hadi kimo cha mita 2 katika chumba ambacho hewa yake imetulia. Chembe yenye upana wa mikroni 100, yaani moja ya kumi ya milimita, hutua ndani ya sekunde chache. Ya mikroni 10 huchukua kama dakika 4. Ya mikroni 1 huweza kuelea karibu muda wa saa 6, na pangaboi likizunguka huelea zaidi ya hapo.

Fagio kavu lenye njiti ngumu hukokota mchanga vizuri, lakini hizo chembe ndogo huzirusha hewani. Sakafu huonekana safi kwa sababu uchafu wake umehamia juu, kisha hurudi chini polepole wakati ndoo na dekio vimeshawekwa. Chembe hizo ndizo zinazopenya ndani kabisa ya mapafu, na wa kwanza kuzivuta ni yule aliyeinama na fagio: mama, binti, au dada wa kazi.

Wazee wetu walikuwa na jibu lake uwanjani. Kabla ya kufagia ua hunyunyiza maji kwa mkono, kidogo tu, udongo ushikane bila kuwa tope. Maji hufunga chembe ndogo kwenye chembe kubwa, na zote zikaondoka pamoja. Kanuni hiyo inafaa ndani pia. Kwenye sakafu ya saruji yenye mchanga mwingi, tandaza vumbi la mbao lililoloweshwa kidogo na kukamuliwa, kisha lifagie taratibu kuelekea mlangoni. Litaondoka na unga wa udongo. Kwenye vigae, tumia dekio bapa la kitambaa cha mikrofaiba likiwa kavu kwanza. Nyuzi zake ni nyembamba mno, zina mipasuko, na msuguano huzipa chaji ya umeme inayovuta vumbi. Lisukume kwa mwendo mmoja bila kuliinua kila hatua, na likishiba likung'utie nje, upande ambao upepo unatoka nyumbani. Ukilifua, usitie dawa ya kulainisha nguo, maana huziba ile mipasuko.

Mlangoni

Mchanga ulioingia na viatu una madhara mawili: huongeza uchafu na husaga sakafu. Sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida ni kwatsi, yenye ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs. Marumaru halisi ni kama 3. Kila anayetembea juu ya mchanga huo anaisugua sakafu, na mikwaruzo inayobaki hushika vumbi kiasi kwamba dekio haliling'oi tena.

Kwa hiyo zuio la kwanza liwe nje ya kizingiti. Weka zulia gumu la kukwangulia nyayo nje, na jingine la kitambaa kinene ndani. La ndani liwe refu, mtu alikanyage angalau mara mbili kwa kila mguu kabla ya kufika sakafuni. Kipande kidogo ambacho mtu hukiruka kwa hatua moja hakimsaidii yeyote. Mazulia hayo yakung'utwe nje mara kwa mara, kwani yakijaa huanza kugawa mchanga badala ya kuupokea. Desturi ya kuvua viatu mlangoni na kuvaa kandambili za ndani inazidi vifaa vyote hivi, na haigharimu kitu.

Kuhusu upepo, bara upepo huzidi nguvu mchana jua linapopasha ardhi. Fungua madirisha asubuhi mapema, na yale yanayotazama upepo yafungwe mchana. Wavu wa mbu hunasa vumbi pia, basi ufutwe kwa kitambaa kibichi kabla haujaanza kulimwaga ndani.

Maji na sabuni

Kudeki huja mwisho, baada ya vumbi kavu kuondoka. Ukimwaga maji juu ya vumbi, unatengeneza tope jembamba linalokauka katika maungio ya vigae. Futa kuanzia juu kwenda chini: pangaboi, kabati, kingo za madirisha, ndipo sakafu. Kati ya kufuta juu na kudeki acha muda chembe zitue, pangaboi likiwa limezimwa.

Tumia ndoo mbili, moja ya maji yenye sabuni kidogo na moja ya kusuuzia dekio. Sabuni nyingi huacha utando unaonata, na utando huo ndio unaokamata vumbi la kesho. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi huzidisha tatizo, maana sabuni ya kipande huungana na chokaa hiyo na kuacha ukungu mweupe juu ya kigae. Hapo sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, matone machache tu, hufanya kazi vizuri zaidi.

Sakafu inayozaa vumbi

Kuna nyumba zinazofuata yote haya na bado zinashindwa. Zipime hivi: deki kipande cha sakafu ya saruji, kiache kikauke kabisa, kisha kisugue kwa kitambaa cheusi. Ukirudia na kitambaa kikazidi kutoka na unga wa kijivu, vumbi hilo linatoka ndani ya sakafu.

Chanzo chake ni siku ya ujenzi. Fundi akizidisha maji katika mchanganyiko, maji hupanda juu yakibeba chembe laini na kuacha tabaka dhaifu. Akimwaga saruji kavu ili kuyanyonya, anafunika udhaifu huo kwa ngozi nyembamba isiyoshikana na chini. Jua likikausha sakafu mapema, saruji hukosa maji ya kukomaa. Sakafu mpya inahitaji kufunikwa na kumwagiliwa kwa siku 7 angalau, na katika miji yenye shida ya maji hapo ndipo wengi hubania.

Kwa sakafu iliyokwisha kumwagwa, silikati ya sodiamu inasaidia. Hupakwa ikiwa kimiminika, hupenya kwenye vitundu, na huungana na chokaa iliyobaki katika saruji kutengeneza kitu kigumu kinachoziba. Rangi ya sakafu hufaa baada tu ya tabaka dhaifu kukwanguliwa, la sivyo itabanduka nalo. Na tabaka hilo likiwa nene, hakuna dawa isipokuwa kulivunja na kupiga sakafu upya.

Ndiyo maana nasema pesa iende kwanza kwenye sakafu, kisha mlangoni, na mwisho kwenye vyombo vya usafi. Anayejenga leo ahesabu maji ya siku 7 katika bajeti yake kama anavyohesabu mifuko ya saruji. Asipofanya hivyo, gharama italipwa kila asubuhi kwa mgongo na mapafu ya anayefagia, na mara nyingi huyo hakuulizwa chochote fundi alipokuwa akichanganya zege.