Kunoa Kisu kwa Kinoo cha Jirani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Ufilipino ilikuwa nchi yenye wazimu wa mpira wa kikapu ambayo wachezaji wake bora hawakuruhusiwa kuichezea. Ligi ya PBA, iliyoanza mwaka 1975 ikiwa ligi ya kwanza ya kulipwa ya mchezo huo barani Asia, ilikuwa imewazoa karibu nyota wote. Shirikisho la kimataifa, FIBA, halikuwafungulia mlango wachezaji wa kulipwa hadi mwaka 1989. Kijana akitia saini PBA, jezi ya taifa ameiaga. Wa kuitetea nchi walikuwa wachezaji wa ridhaa, wengi wao wanafunzi, na mbele yao ilisimama China iliyokuwa imetwaa ubingwa wa Asia mara tano mfululizo, kuanzia 1975 hadi 1983.

Jawabu lilikuwa timu ya Northern Consolidated Cement, NCC kwa kifupi. Jina ni la kampuni ya saruji ya Pangasinan, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Fedha na nguvu vilitoka kwa Eduardo Cojuangco, tajiri na mtu wa karibu wa Rais Ferdinand Marcos. Kocha alikuwa Ron Jacobs, Mmarekani aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Loyola Marymount kule Los Angeles.

Wengi wanaoisimulia timu hii huanza na Wamarekani watatu waliopewa uraia: Jeff Moore, Dennis Still na Chip Engelland. Naona wanaanzia pasipo penyewe. Kutia warefu wa kigeni kikosini ni hila ya zamani, na yeyote mwenye fedha angeiweza. Jambo la ajabu ni mahali ambapo Jacobs aliwapeleka vijana wake kujifunzia kazi. Mwaka 1984 na 1985 NCC iliingizwa PBA kama timu mwalikwa, ikibaki ya ridhaa lakini ikipambana na watu waliokula kwa mchezo huo.

Fikiria maana yake. Timu ya taifa kwa kawaida huitwa kambini wiki chache kabla ya safari, ikacheza mechi mbili za kirafiki, ikapanda ndege. Hawa walifanya kazi ya timu ya klabu, wiki kwa wiki. Wapinzani wao walikuwa wajanja wa umri wa kaka zao wakubwa, watu waliojua kuvuta fulana refa akigeuka na kukita kiwiko mbavuni mpira ukiwa bado hewani. Hector Calma, mpangaji wa mashambulizi, alipokosea pasi hakuonywa na kocha pekee. Aliadhibiwa na mtu aliyeukwapua mpira na kwenda kufunga. Mafunzo ya namna hiyo hayanunuliki kambini.

Silaha kuu ya Jacobs ilikuwa presha ya uwanja mzima. Tuieleze kidogo, maana mtazamaji huona watu wanakimbizana tu. Timu ikishafunga, mpinzani anayerudisha mpira uwanjani ana sekunde tano. Mlinzi hamnyang'anyi kitu. Kazi yake ni kumfungia njia ya katikati ili pasi iende pembeni. Pembeni ndipo pabaya, kwa sababu mstari wa uwanja ni mlinzi asiyechoka. Aliyepokea akigeuka tu, anavamiwa na watu wawili, mikono juu. Hawagusi mpira. Wanamziba macho. Wa tatu hamtazami mwenye mpira bali mwelekeo wa mabega yake, kwa sababu pasi ya mtu aliyebanwa huruka juu na polepole, na pasi ya namna hiyo ni mali ya anayeiwahi. Nyuma kabisa hubaki mrefu mmoja kulinda kikapu endapo mtego utapasuka. Kwa kanuni za kimataifa za wakati ule mpinzani alipewa sekunde 10 kuuvusha mpira nusu ya uwanja. Sekunde nane ukizitumia kutapatapa, mbili zilizobaki hazikusaidii kitu.

Mtego huo hula mapafu, na hapo ndipo hesabu ya Jacobs inaponivutia. China ilikuwa na warefu. Huwezi kumrefusha Samboy Lim wa NCC, lakini unaweza kuihamisha mechi kutoka chini ya kikapu, ambako urefu ni mfalme, na kuitandaza katika mita zote 28 za uwanja, ambako mrefu ni mzigo wa kubebwa.

Kisha kulikuwa na mstari wa pointi tatu. FIBA iliupitisha mwaka 1984, kwa umbali wa mita 6.25, na timu nyingi zilikuwa bado zinautazama kama pambo. PBA ilikuwa nao tangu 1980. Kwa hiyo Allan Caidic, mtupaji wa mkono wa kushoto, alikuwa ameshauzoea kwa watu wazima wakati wenzake wa Asia wanaanza kuupima kwa hatua. Presha mbele, Caidic nyuma ya mstari, Lim akipaa katikati: mlinzi achague la kuacha.

Mfumo huu ulikuwa na ufa, nao ulionekana Oktoba 1985. Katika mechi ya PBA dhidi ya timu ya Ginebra, kiwiko cha Moore kilimpasua mdomo Robert Jaworski, mchezaji na kocha wa Ginebra, mwenye umri wa miaka 39. Akapelekwa hospitali, akashonwa nyuzi tisa, akarudi uwanjani robo ya mwisho timu yake ikiwa nyuma kwa pointi nyingi. Ukumbi ulilipuka. NCC ikapoteza mechi iliyokuwa mkononi. Wafilipino huisimulia kama hadithi ya ushujaa, nami siwabishii, ila kiufundi lilitokea jambo rahisi zaidi. Presha huishi kwa wasiwasi wa anayebanwa. Usiku ule wasiwasi ulihamia upande wa vijana, na mtego usio na mtishwaji ni watu wawili waliomwacha mmoja peke yake.

Wakajirekebisha. Mashindano hayo hayo ya PBA waliyamaliza kwa kuifunga Manila Beer katika fainali, mechi 4–0. Timu ya ridhaa ilikuwa bingwa wa ligi ya kulipwa. Mwanzoni mwa Januari 1986, kule Kuala Lumpur, kikosi hicho kikaipatia Ufilipino ubingwa wa Asia, Korea Kusini ikiwa ya pili na China ya tatu. Nafasi ya Kombe la Dunia nchini Hispania ilikuwa imepatikana.

Hawakwenda. Februari 1986 umma wa Manila ulijaa barabara ya EDSA, Marcos akakimbia, na Cojuangco akaondoka naye. Hakukuwa na bodi wala mfuko wa kuendeleza kazi. Mradi wote ulining'inia kwenye kamba ya mtu mmoja, na kamba ilipokatika, Ufilipino ikajitoa.

Wachezaji walitawanyika kwenye ligi ile ile iliyowanoa, sasa kwa mshahara. Calma, Lim, Yves Dignadice na Elmer Reyes walikuwa nguzo za San Miguel iliyobeba mataji yote matatu ya mwaka 1989. Caidic mwaka 1991 alifunga pointi 79 katika mechi moja, na vikapu 17 alivitupia nyuma ya mstari. Engelland alikuja kuwa mwalimu wa kutupa wa San Antonio Spurs. Na Franz Pumaren, mlinzi wa kikosi kile, aliifundisha La Salle ikatwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Manila mara nne mfululizo, 1998 hadi 2001, kwa presha ya uwanja mzima.